Sura ya Sita: Kila Kitu na Kazi Yake

Ukiiacha barabara ya Mombasa pale Athi River ukashika ile ya Namanga, unapita viwanda vya saruji na eneo la EPZ, na kabla hujatulia umeshafika Kitengela. Ardhi hii ilikuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai hadi ilipogawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980. Baada ya hapo wenyewe wakaanza kuuza, wanunuzi wakakata ploti, na ploti zikaota nyumba. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya 2019 ilipata 1,117,840, na miji inayopakana na Nairobi, yaani Kitengela, Ongata Rongai, Ngong na Kiserian, ndiyo iliyobeba uzito wa ongezeko hilo.

Ndiyo maana jirani zako hapa ni Mkamba wa Machakos, Mkisii wa Nyamira, Mluo wa Siaya, Mkikuyu wa Murang'a, Mswahili aliyeletwa na kazi kutoka Mombasa, na mwenyeji Mmaasai ambaye ng'ombe wake bado wanapita nyuma ya ukuta wako jioni. Nyumba zao, hata hivyo, ni pacha. Kuta nyeupe, vigae vinavyong'aa, dari ya jipsamu yenye taa za buluu pembeni, kochi kubwa la ngozi bandia linaloitazama televisheni. Ukiketi ndani huwezi kujua mwenye nyumba ametoka wapi, nyanya yake alisuka nini, wala kwamba nje kuna nyika. Sura hii ni ya mtu anayeishi katika nyumba ya namna hiyo, anayelipa kodi au mkopo wake kila mwezi, na bado anahisi kama mgeni sebuleni kwake.

Wengi huanza na picha. Wanaona chumba kwenye simu, wanampelekea fundi, na fundi anajitahidi. Mimi ninashauri uanze na swali la kuuliza mbele ya kila kitu kinachotaka kuingia mlangoni: kazi yake humu ni nini? Mtu akilijibu kwa uaminifu, chumba baada ya chumba, mwishowe anakuwa na mtindo ambao hakuna mwingine anao, kwa sababu hakuna mwingine mwenye maisha yake. Na mila tofauti zitakaa pamoja bila kugombana, kwa kuwa kila moja imeitwa kufanya jambo inalolijua.

Wa kwanza kuulizwa ni upepo. Kitengela iko juu kidogo ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwenye tambarare isiyo na msitu wa kuukinga. Mwezi wa Julai baridi hupenya chini ya mlango. Januari na Februari ni vumbi, na vumbi la hapa ni jembamba, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Jua la alasiri linatoka upande wa Ngong na kupiga madirisha ya magharibi bila huruma hadi linapozama. Maji ya visima vya kuchimbwa yana chumvi, yanaacha madoa meupe kwenye kila kioo na kila bomba. Haya si malalamiko. Nayataja kwa sababu yanaamua mambo mengi kuliko ladha yako. Zulia la manyoya marefu linalopendeza dukani, hapa ni ghala la vumbi na chanzo cha kikohozi cha mtoto. Mkeka wa ukindu wa Pwani unakung'utwa nje ya mlango na kurudi ndani ukiwa safi. Juu yake unatandika shuka nzito wakati wa baridi, na shuka inafuliwa. Pazia za dirisha la magharibi ziwe mbili: nzito ya kufunga saa tisa, na ile nyepesi ambayo wauzaji wa Eastleigh huiita shia, ya kuruhusu mwanga wa asubuhi bila kumwonyesha jirani meza yako ya chakula.

Kuhusu baridi, mwalimu bora yuko karibu. Ukitoka Isinya kuelekea Kajiado mjini, na zaidi ukiiacha lami, bado utaziona nyumba za Kimaasai za asili, enkaji, ingawa mabati yanazidi kuchukua nafasi. Hujengwa na wanawake. Fito huchomekwa ardhini na kukunjwa, hufumwa kwa vijiti, kisha hukandikwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo. Nyumba ni fupi, mtu mzima anainama. Mlango una kona, kwa hiyo upepo haufiki ndani moja kwa moja. Dirisha ni tundu dogo tu. Moto uko katikati, na vitanda vya fito vilivyotandikwa ngozi viko pembeni, karibu vya kutosha kwa aliyelala kunyoosha mkono na kuhisi joto. Ndama wachanga nao wana sehemu yao ndani.

Mgeni huona giza na moshi. Na moshi ni tatizo kweli, umewaharibia akina mama wengi macho na mapafu, kwa hiyo simwambii mtu arudi huko. Ila mwanamke aliyeijenga alijua jambo ambalo wachoraji wa ramani za maghorofa yetu wamelisahau: joto la nyumba linatokana na ukaribu. Watu wanakaa chini, wanakaa karibu, na mwanga uko usawa wa nyuso zao. Sebule zetu zimefanya kinyume. Makochi yamesukumwa ukutani pande zote, katikati kuna uwanja wa vigae baridi, na taa ni moja, juu darini, nyeupe kama ya kliniki.

Basi mabadiliko ya kwanza hayagharimu chochote. Vuta viti kutoka ukutani. Viache vikaribiane mpaka watu wawili waweze kupeana kikombe bila kusimama. La pili linagharimu kidogo: badilisha balbu. Kwenye boksi la balbu kuna namba. Inayoandikwa 6,500K hutoa mwanga mweupe unaoelekea buluu. Ya 2,700K au 3,000K hutoa mwanga wa manjano unaokaribia wa moto. Weka hizo za manjano kwenye taa za mezani au za kusimama, usawa wa mabega ya aliyeketi, na ile ya darini uiwashe tu unapotafuta sindano. Watu wametumia pesa nyingi kwenye makochi mapya wakitafuta utulivu ambao balbu tatu zingewapa. Ninasisitiza pia: usiingize jiko la makaa katika chumba kilichofungwa ili kupasha joto. Hewa yake haina harufu, nayo inaua watu waliolala.

Siku nilipoagiza kiti cha sebuleni kwa fundi mmoja kando ya barabara ya Namanga, nilimpa vipimo vya miguu mifupi. Akanitazama.

"Mama, hii itakuwa chini sana. Wageni watasumbuka kuinuka."

"Fundi, wageni wangu nataka wasiinuke haraka."

Alicheka, lakini alikuwa na hoja, na tukakubaliana kiti kimoja kiwe cha kawaida kwa ajili ya wazee wenye magoti. Hicho chenye miguu mifupi, kirefu, cha kukalia watu wanne, kimetokana na mambo mawili: ukaribu wa enkaji, na baraza ya Pwani. Katika miji kama Lamu, baraza ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na nyumba, pale mlangoni, ambapo mgeni anaketi na kuzungumza bila kulazimika kuingia hadi ndani kwa wenyewe. Kazi yake ni mazungumzo. Ndiyo maana inakubali kuhamia Kitengela: mazungumzo tunayahitaji huku pia.

Nyumba za zamani za Lamu zina funzo jingine. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo kwa kawaida hazivuki mita tatu hivi. Waliojenga hawakupambana na ufinyu huo. Walichonga zidaka kwenye lipu ya ukuta wa ndani, safu juu ya safu, wakaweka humo vyombo vya kauri vilivyoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Ukuta ukapata kina, chumba kikaonekana kirefu zaidi, na vitu vya thamani vikawa salama mbali na miguu ya watoto. Vyumba vya flati zetu navyo ni vyembamba. Mpangaji hawezi kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, lakini anaweza kusimamisha rafu isiyo na mgongo, yenye vyumba vidogo vidogo visivyolingana, na kuacha baadhi yake vitupu. Vitupu hivyo ni muhimu. Wageni wengi wa Lamu hukumbuka kauri; mimi nimekumbuka nafasi iliyoachwa kuizunguka.

Hapa nchini, mchanganyiko wa mila ndani ya nyumba una historia yenye majina. Joseph Murumbi alizaliwa 1911 huko Eldama Ravine, baba yake akiwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alisomeshwa India. Mwaka 1966 akawa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya, na mwaka huo huo akajiuzulu. Alichofanya baadaye ndicho kinachonigusa. Yeye na mkewe Sheila walikusanya vitambaa, vinyago, mapambo ya shaba na maelfu ya vitabu kutoka pande zote za Afrika, wakati ambapo sebule ya mtu mwenye cheo Nairobi ilitarajiwa kufanana na ya London. Mwaka 1972, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, wakaanzisha African Heritage, jumba la sanaa na biashara mjini Nairobi. Sehemu ya mkusanyo wa Murumbi unaweza kuiona leo katika jengo la Nyaraka za Taifa, lile lililokuwa benki, katikati ya jiji. Alifariki 1990.

Donovan ndiye aliyeipa fikra hiyo umbo la nyumba. Kando ya barabara ya Mombasa, juu ya ukingo unaotazama Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alijenga makao yenye kuta nene zinazofuata ujenzi wa udongo wa Afrika Magharibi, hasa ule wa msikiti wa Djenné nchini Mali, na ndani yake akaleta mambo ya Pwani yetu. Reli mpya ilipotishia kupita hapo, serikali iliitangaza nyumba hiyo kuwa turathi ya kitaifa, mwaka 2016. Donovan alifariki 2021.

Nenda uitazame, lakini usiende kuinakili. Ile ni nyumba ya mkusanyaji, kila ukuta umejaa, na wingi ule ndio kazi yake. Ukiujaribu katika vyumba viwili vya Kitengela utaishi stoo. Cha kuchukua pale ni ujasiri wa kuweka Mali na Lamu chini ya paa moja bila kuomba radhi, na uangalifu wa kuanza na ukuta wenyewe. Kuta nene zinapoza mchana. Vitu vilivyotundikwa vimefuata baadaye.

Wapo watakaosema huo si utamaduni safi, ni kukorogakoroga. Nawaomba watazame kwa karibu hivyo wanavyoviita safi. Shanga za kioo zinazomfanya Mmaasai atambulike dunia nzima zilifika kwa misafara ya biashara kutoka Pwani, na kwa muda mrefu kioo chake kilitoka Bohemia, katika nchi tunayoiita leo Jamhuri ya Cheki. Kabla ya hapo kulikuwa na mbegu, mifupa, chuma na shaba. Kiondo cha Ukambani na cha Mlima Kenya kilisokotwa kwa nyuzi za magome ya miti kabla ya mkonge, na mkonge wenyewe ni mmea wa Meksiko uliopandwa Tanga mwaka 1893 kisha ukavuka mpaka. Kanga zetu zilichapishwa India, Uingereza na Japani kabla hazijachapishwa Afrika Mashariki. Akina mama waliopokea vitu hivyo hawakuuliza kama ni safi. Waliviweka kazini, wakavitia mkono wao, na baada ya kizazi kimoja au viwili vikawa vyao kabisa. Wewe nawe unaruhusiwa.

Na kabla ya kwenda sokoni, fungua sanduku la mama yako. Humo kuna vitambaa. Kila Mkenya anavijua: vya kroshia au vya kudarizi, vyeupe, vya waridi, vya kijani, vilivyotandazwa mgongoni mwa kochi, kwenye mikono yake, juu ya redio na juu ya televisheni. Sebule za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa nazo kuanzia Busia hadi Voi. Wanawake wengi walijifunza ushonaji wa namna hiyo katika vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanzishwa 1952 chini ya ukoloni, halafu wakafundishana wenyewe kwa wenyewe kanisani na vibarazani. Vijana wanaohamia Kitengela wanavionea haya. Vinaachwa kijijini, au vinakatwa kufuta sakafu.

Mimi sikubaliani kabisa. Kitambaa cha kroshia kina mahesabu ya usiku mwingi ndani yake, na kazi yake ilikuwa ya maana: kukinga kochi dhidi ya mafuta ya nywele na jasho, maana kochi lilinunuliwa mara moja maishani. Kikiwa kimetandazwa juu ya ngozi bandia kinateleza na kukasirisha, kweli. Basi kipe kazi mpya. Vitambaa vitano vyeupe vya ukubwa tofauti vikiunganishwa kwa sindano vinakuwa pazia ya dirisha la jikoni, na jua la asubuhi likipita humo maua ya mama yanachorwa sakafuni. Kile kikubwa cha meza kinashonewa juu ya kitambaa cha rangi ya udongo mwekundu na kuwa foronya ya mto wa kochi. Shuka nyekundu ya Kimaasai na kroshia nyeupe zinapendana kuliko unavyotarajia: mistari ya moja inatulizwa na mduara wa nyingine.

Vivyo hivyo kwa vyombo. Kibuyu cha maziwa cha Kimaasai, kilichosafishwa ndani kwa kijinga cha mtamayu mpaka kikashika harufu ya moshi, ni chombo cha kuhifadhi. Kama hugandishi maziwa, kiweke karibu na meko kikashike miiko ya mbao. Kiondo kikubwa kikae bafuni na nguo chafu, au mlangoni na viatu vya watoto. Uteo wa nyanya uendelee kupepeta, na siku ambazo hupepeti uwe sinia la matunda. Kitu kinachoguswa kila siku hakipati vumbi, na Kitengela hilo si jambo dogo.

Lakini kuna vitu ambavyo kazi yake si yako kuibadilisha. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao zilizochongwa, husimamishwa kuwakumbuka wazee waliofariki, na husimama hapo hadi vioze. Vingi viliibiwa tangu miaka ya 1970 na 1980, vikauzwa kwa watalii na wakusanyaji kama mapambo ya ukutani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kwa familia moja ya Pwani kutoka makumbusho mawili ya Marekani, na vingine vimefuata baadaye. Ukionyeshwa nguzo kama hiyo na muuzaji yeyote, hata kama ameibandika bei nzuri, usiinunue. Ina kazi bado, na mwenye kazi hajakuruhusu.

Kwa upande wa nuru, tuna bahati. Ng'ambo ya korongo la Mto Mbagathi, mpakani mwa mbuga, ndipo msanii mzaliwa wa Ujerumani Nani Croze alipoanza kutengeneza vioo vya rangi karibu na mwaka 1980. Mwanawe Anselm baadaye akaanzisha upulizaji wa kioo kwa moto. Malighafi yao kubwa ni kioo chakavu, hasa vipande vya madirisha, kinachoyeyushwa upya. Mojawapo ya kazi zinazojulikana za hapo ni vipande vinene vya kioo cha rangi vilivyowekwa ndani ya saruji. Kwangu mimi hakuna kitu kinachosema Kitengela kwa uwazi zaidi: saruji ya viwanda vya Athi River na kioo kilichovunjika jijini. Bei za kazi kubwa si za kila mtu. Bilauri moja ya kijani iliyojaa viputo vya hewa inatosha, ukiiweka dirishani upande wa mashariki na si ndani ya kabati. Ifute kwa siki kidogo, madoa ya chumvi ya maji yataondoka.

Kitu cha mwisho kununua kiwe cha shanga, na kisiwe cha rafu za uwanja wa ndege. Siku ya soko, Kajiado mjini au Isinya, utawakuta akina mama wakishona huku wakiuza. Agiza. Peleka kivuli cha taa yako chenyewe, au kamba iliyokatwa kwa kipimo cha mduara wake, kwa sababu kipimo cha mdomo hupotea. Uliza kama anashonea ngozi au plastiki. Ngozi inadumu na inanyooka vizuri kwenye duara. Lipa nusu kabla, na usipunguze bei ya mkono wake kana kwamba unanunua nyanya. Kuhusu rangi, mwachie yeye. Wateja wengi kutoka Nairobi huomba kahawia na krimu ili zifanane na makochi yao. Mwambie mama huyo ukuta wako ni wa rangi gani na dirisha linatazama wapi, kisha nyamaza. Yeye hakubali rangi moja ikimbie mbali bila nyingine kuikatiza, na anajua nyeupe iende wapi ili nyekundu ionekane hadi mlangoni.